Jalada moja, picha moja
Majarida ya shule zetu yana majalada yanayofanana kama sare: mkuu wa shule, jengo la utawala, nembo, kaulimbiu, na wanafunzi bora wamebanwa pembeni. Anayejifunza kubuni jalada hukimbizwa kwenye kompyuta, wakati mimi ningemwanzisha na penseli. Akunje karatasi ya A3 katikati, apate kurasa za milimita 210 kwa 297, kisha aikunjue na kuona mwenyewe kwamba, kwa upande wa nje, jalada la mbele liko kulia. Kisha achague picha moja. Moja tu, hata mwenyekiti wa bodi akinuna. Mkuu wa shule ana ukurasa wake wa salamu ndani. Picha hiyo isitumwe WhatsApp kama picha ya kawaida, maana huko hubanwa na kupungua ubora. Mchapaji anataka nukta 300 kwa kila inchi, na kinachong'aa kwenye simu huweza kutoka na ukungu karatasini. Rangi nazo ni mtihani: skrini huchanganya mwanga mwekundu, kijani na buluu, mashine ya chapa hutumia wino wa samawati, majenta, njano na mweusi, kwa hiyo ile buluu kali ya sweta ya shule itapoa. Rangi ya usuli ipitilize ukingo kwa milimita 3, kwani kisu cha kukatia hakikosi kuyumba. Na jina la jarida lisomeke kutoka mlangoni mwa darasa. Maandishi ya dhahabu yenye kivuli juu ya picha ya bustani, ambayo walimu huyapenda sijui kwa nini, hayasomeki hata mezani.