Siku mbili jangwani na watoto

Familia inayopanga siku mbili Death Valley, Marekani, ianze kupanga saa, kamera baadaye. Afadhali Novemba hadi Machi; Julai 1913 joto hapa lilifika nyuzi 56.7 za Selsiasi. Zabriskie Point ni mwendo mfupi kutoka maegesho, na picha nzuri ni za alfajiri, jua linapogusa vilima. Badwater, mita 86 chini ya usawa wa bahari, ni tambarare ya chumvi. Hata bibi ataimudu.

Maji ni lita nne kwa mtu kwa siku. Hewa ni kavu mno, jasho hukauka kabla halijaonekana. Mtoto akilalamika kichwa au kichefuchefu, picha ziachwe: apelekwe garini kwenye kiyoyozi, alowanishwe, anyweshwe kidogo kidogo. Akianza kuchanganyikiwa, ni dharura, na simu huko mara nyingi haishiki mtandao.