Fundi wa Umeme wa Gari na Apime Kwanza

Kuna desturi iliyoota mizizi katika karakana zetu ambayo yafaa ikemewe bila kuoneana haya. Gari likiletwa taa zikiwa hafifu, fundi hubadilisha betri. Zisipong'aa, hubadilisha altaneta. Zikikataa tena, hung'oa nyaya za kiwandani na kupitisha zake. Mwenye gari hulipa mara tatu, na ugonjwa ungalipo. Huko si kutengeneza, ni kubahatisha.

Nina gari moja mahususi akilini, nalo ni Datsun 240Z. Wapenzi wa Safari Rally hawawezi kulisahau. Ndilo lililompa Edgar Herrmann ushindi mwaka wa 1971, na Shekhar Mehta mwaka wa 1973. Machache yaliyosalia yamepita umri wa miaka 50. Injini yake ya lita 2.4 ingali ikisifiwa kwa uimara, lakini umeme wake huwatoa wengi jasho.

Sababu haina uchawi. Katika gari hilo, umeme wa taa kuu hupitia kwenye swichi ya usukani na kisanduku cha fyuzi, bila rilei ya kuupunguzia mzigo. Taa mbili za wati 55 kila moja huvuta ampea 9 hivi. Kiungo kimoja kikishika kutu na kupoteza volti 1.5 tu, mwanga hupungua kwa theluthi moja au zaidi, na wati 13 hivi za joto hubaki papo hapo kwenye kiungo. Joto hilo huzidisha kutu, na kutu huzidisha joto, hata plastiki ikayeyuka. Je, betri mpya itaponya nini hapo?

Fundi mwenye mita angeligundua jambo hili kwa dakika chache. Huwasha taa, kisha akapima volti kwenye betri na kwenye taa yenyewe, na hatimaye kila kiungo kilicho baina yao. Palipo na upungufu ndipo penye ugonjwa. Ni lazima taa ziwe zimewaka, kwani kiungo kibovu kisichobeba mzigo huonekana kizima.

Vivyo hivyo kuhusu athi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bodi ya gari. Ukikanyaga breki na taa nyingine ya nyuma ikawaka isivyostahili, aghalabu athi imelegea au imezibwa na kutu au rangi. Dalili ya mvua ni mawingu. Msasa na kufungwa upya kwa skrubu moja huenda vikatosha.

Lakini linalonitia hofu zaidi ni karatasi ya sigara. Fyuzi ikiungua, wapo wanaoifunga kwa karatasi hiyo inayong'aa na kumwambia mwenye gari aende zake. Fyuzi iliwekwa iungue ili waya usalimike. Ukiiziba, waya wenyewe ndio utakaoungua, nyuma ya dashibodi, abiria wakiwa ndani. Hali hii hugharimu gari, na yaweza kugharimu roho.

Hapana haja ya mitambo ya bei ghali. Chukua balbu ya taa kuu, uiunge mahali pa fyuzi inayoungua kila mara. Ikiwaka kwa nguvu, kuna waya unaogusa bodi. Chomoa kifaa kimoja baada ya kingine. Kile ambacho kukichomoa kutaifanya balbu ififie au izime, ndicho mshtakiwa wako.

Wapo watakaoniambia kwamba nyaya za miaka 50 zimechakaa, heri zitupwe zote. Sikatai kwamba zilizokauka na kupasuka ni hatari. Hata hivyo, kila waya wa kiwandani una rangi yake, na rangi hizo zimeandikwa katika mchoro. Anayezing'oa na kuweka waya wa rangi yoyote iliyopatikana dukani amemwachia fundi ajaye kitendawili. Ikibidi kubadilisha, na abadilishe kwa rangi ile ile na unene usiopungua ule wa kwanza.

Lawama si ya mafundi peke yao. Sisi wenye magari hulipia kipuri kwa hiari, lakini tukiombwa kulipia saa moja ya uchunguzi twalalamika kwamba fundi hakufanya lolote. Kwa hivyo kijana anayejifunza kazi huona kwamba kufikiri hakulipi. Tukitaka mafundi wanaopima, tulipie kupima. Na wenye karakana wasimruhusu mwanafunzi ashike koleo kabla hajajua kuisoma mita. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu wetu una petroli upande wa pili.