Mwasumini Huishi kwa Mkono wa Mtu



Mwezi huu twapenda kusema juu ya mmea ambao wengi wetu twaujua kwa harufu yake kuliko tuujuavyo wenyewe, nao ni mwasumini. Ua lake halihitaji kusifiwa mbele ya watu wa pwani. Akina mama hulifungia vikuba, hulitia katika nguo na kitandani, na siku ya harusi ndilo pambo. Lakini ukiwauliza vijana jinsi mti wenyewe upandwavyo na utunzwavyo, wengi watakujibu kuwa asumini hununuliwa sokoni. Jawabu hilo ndilo lililotufanya tushike kalamu.

Yafaa tujue kwanza kwamba asili ya mwasumini huu si kwetu, bali ni upande wa Bara Hindi, na kutoka huko umeenea nchi nyingi. Waarabu huliita ua lake full, Wachina hulitumia kuitia chai harufu, na Ufilipino ililifanya ua la taifa mwaka 1934. Na ajabu ya safari yote hiyo ni kwamba mwasumini tuupandao majumbani ni nadra sana kuzaa tunda au mbegu. Kokwa ya embe ikitupwa yaweza kuota yenyewe, na mbegu ya papai huweza kuletwa na ndege. Mwasumini hauna njia hiyo. Kila ulipo, yupo mtu aliyekata tawi na yupo aliyelipokea akalipanda. Basi nyumba ikiuzwa na ua wake ukasakafiwa kwa saruji, au bibi mwenye mti akafariki pasipo mtu kujifunza kwake, mti huo hauachi mtoto nyuma. Ndiyo maana twaona kuwa elimu yake ni amana katika nyumba.

Jambo ambalo wengi huliogopa ni kuukata. Mwasumini hukaa kijani mwaka mzima, na mwenye nyumba akiuona umejaa majani hudhani hauna haja ya kitu. Lakini maua hutoka katika machipukizi mapya, wala si katika matawi makongwe. Usipokatwa hurefuka ukatambaa ukutani, matawi ya ndani hukauka kwa kukosa mwanga, na maua huwa machache, tena juu pasipofikika. Kwa hiyo, maua yakiisha kupungua, chukua mkasi mkali uondoe matawi makavu na yale yanayosongana, kisha uyapunguze yaliyosalia kwa kadiri ya theluthi. Usihuzunike kuuona umebaki mtupu, kwani utachipuka, na katika machipukizi hayo ndimo yatakamotoka maua.

Matawi yaliyokatwa yasitupwe. Chagua yale yasiyo laini mno wala magumu mno, uyakate vipande vya inchi 4 hadi 6, kila kimoja chini kidogo ya kifundo. Ondoa majani ya chini, uache machache ya juu, kisha uvichomeke katika mchanga uliochanganywa na mboji iliyooza vizuri. Viwekwe kivulini, mchanga uwe na unyevu lakini usitote. Baada ya wiki 4 hadi 6 vuta kimoja polepole. Kikishikilia, jua kwamba kimetoa mizizi. Iko na njia nyingine ambayo hata mtoto huiweza: inamisha tawi refu la chini, ulifukie katikati kwa udongo, uweke jiwe juu yake, na ncha ibaki nje. Likiisha kushika mizizi, likate kutoka kwa mama yake. Masika ni wakati mwema wa kazi hii, kwa kuwa mvua hukusaidia.

Mahali pa kuupanda pawe na jua la saa 6 hivi kwa siku. Kivulini hutoa majani tu. Asiye na ardhi na atumie debe au chungu kikubwa chenye matundu chini. Na hapa wengi hukosea, wakaona jani limegeuka manjano nao wakazidi kumimina maji. Tazama kwanza. Ikiwa udongo umetota na majani yanapukutika, mizizi yakosa hewa: punguza maji. Ikiwa majani machanga ndiyo yamekuwa manjano na mishipa yake imebaki kijani, huenda udongo una chokaa nyingi, kama ulivyo udongo wa matumbawe wa pwani, na mti hauwezi kupata madini ya chuma. Tia mboji na samadi iliyooza, tena na tena. Wakati wa kiangazi tia kidole katika udongo. Ukiwa mkavu chini ya ngozi yake, nywesha. Maji ya kutawadhia yakikingwa katika beseni yatosha, wala hayapotei bure. Vidudu vyeupe vikionekana chini ya majani, vifute kwa maji yenye sabuni kidogo, kisha usuuze.

Maua huchumwa alasiri, yangali vitumba vyeupe vilivyonona. Jioni yatafunguka yenyewe nyumbani mwako, na harufu yake itakuwa kamili. Ukingoja asubuhi, utayakuta mengine yamekwisha kuanguka.

Basi nasaha yetu ni hii. Wazazi wenye mwasumini, mwiteni kijana siku ya kuukata, naye ashike mkasi kwa mkono wake. Vipande vikichipuka, kimoja kibaki nyumbani na kingine kipelekwe kwa jirani. Nanyi vijana ambao kwenu hakuna, nendeni kwa bibi au shangazi mkaombe tawi, na mkae mfundishwe, maana leo yupo wa kuwafundisha. Tena tumefunzwa, kama alivyopokea Imam Muslim, kuwa apewaye mmea unukiao asiukatae. Anayetoa na atoe kwa moyo mkunjufu, na anayepokea asikae nao hata tawi likanyauka, bali aupande siku ile ile.

Wabillahi taufiq.