Msitu si Miti Tu

Kuna usemi tunaoufuata sana hapa shuleni: "Kata mti, panda mti." Usemi huu ni mzuri, lakini mimi nasema ni nusu ya kweli. Nusu ya pili iko chini ya miguu yetu.

Tumejifunza katika kemia kwamba methani ni gesi iwakayo. Hutoka matumboni mwa ng'ombe, katika majalala, na katika majaruba ya mpunga kama yale ya Dakawa, ambako maji yamefukuza hewa udongoni. Angani ni haba sana: hewa ikigawanywa sehemu milioni moja, methani haifiki sehemu mbili. Lakini uchache wake usitudanganye. Kwa hesabu ya miaka 100, tani moja ya methani huipasha dunia joto kadiri ya mara 28 kuliko tani moja ya hewa ya ukaa.

Ni nani basi anayeipunguza? Sehemu kubwa huharibika hukohuko angani. Sehemu nyingine huliwa na udongo. Pandeni siku moja njia ya Morningside mpaka penye msitu wa Uluguru, mtie mkono chini ya majani makavu. Udongo wake ni mwepesi, wenye vitundu vingi vya kupitisha hewa. Humo mna bakteria ambao chakula chao ni methani. Huiunganisha na oksijeni, wakapata nguvu, na kinachobaki ni maji na hewa ya ukaa, ambayo madhara yake ni madogo zaidi. Udongo wa nchi kavu duniani kote hula kadiri ya tani milioni 30 za methani kila mwaka, na ule wa msituni kwa kawaida huushinda ule wa mashambani.

Msitu ukifyekwa, ukalimwa na kukanyagwa, vitundu vile huziba na bakteria wale hupungua. Ukipanda mche leo, baada ya miaka 10 utauona mti. Lakini udongo huhitaji makumi ya miaka kurudia kazi yake ya zamani. Hiyo ndiyo nusu tunayoisahau.

Hapa sina budi kukiri jambo. Sanduku na godoro nililokuja nalo Kidato cha Kwanza vilinunuliwa kwa maharage ya shamba ambalo mjomba wangu alilifyeka katika msitu wa ukoo wetu, huko Matombo. Likizo iliyopita nilimweleza haya yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Sasa mjomba, tule methani?" Siku ile sikuwa na jibu.

Jibu langu leo ni hili: shamba la zamani lizae zaidi, ili lisihitajike jipya. Wenzetu wa Mgeta hulima mboga katika matuta ya ngazi. Tukiweka matuta na samadi, udongo hautachukuliwa na mvua. Lakini tusiwaamrishe wakulima. Mwaka 1955 wazee wetu wa Matombo waliukataa kwa ghasia mpango wa matuta wa serikali ya kikoloni, kwa kuwa walilazimishwa kazi nzito ambayo faida yake hawakuiona. Mtu huonyeshwa faida kwanza, ndipo akashika jembe.

Kwa hiyo natoa shauri. Shamba letu la shule liko mtelemkoni. Tulilime nusu kwa matuta na samadi, na nusu kwa desturi yetu, tupime mavuno, na wazazi waalikwe kuyaona. Miti tuendelee kuipanda, lakini msitu uliosalia tuuache na udongo wake. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Walimu wakilikubali shauri hili, mgeni wa kwanza nitakayemwalika ni mjomba.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne