Macho Mekundu ya Bibi

Mwezi uliopita, katika mjadala wa darasani kuhusu uzee, mwenzangu mmoja wa shahada ya uzamili alisema kuwa wazee wa vijijini wanazeeka vizuri kuliko wa mjini: hewa safi, chakula cha asili, kutembea kwa miguu. Darasa zima likaafiki. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka Kigwa wiki ileile, na nikanyamaza. Ukimya ule unanikera mpaka leo, kwa hiyo namjibu hapa.

Hewa safi ipi? Bibi yangu amepikia kuni kwenye mafiga tangu akiwa msichana, ndani ya jiko la udongo lenye kidirisha kisichozidi upana wa kiganja. Halafu kuna bani. Asiyeijua Tabora aelewe kwamba tumbaku ya mvuke haianikwi juani. Inatundikwa ndani ya bani na moto unakokwa usiku na mchana kwa karibu wiki nzima. Lazima mtu akeshe kuuangalia, maana joto likienda mrama majani yanaharibika na deni la mbolea linabaki palepale. Bibi alikesha hivyo misimu mingi. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye bani hilo, nalisema hili nikijua linanihusu. Leo mgongo wake umepinda, na macho ni mekundu, yanachuruzika machozi hata pasipo na moshi.

Ana miaka 66. Nina mhadhiri wa umri huohuo anayekimbia asubuhi.

Kuchakaa kwa miili si jambo geni huku. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe ilipita Kigwa, na wapagazi wa Kinyamwezi walitembea miezi kadhaa na mizigo ya zaidi ya kilo 30 mabegani. Vitabu vya historia vinawaita hodari. Sijaona kilichouliza mabega yale yalikuwaje mpagazi alipofika miaka hamsini.

Lakini kwa bibi kuna la ziada, na ndilo linalonitia hasira. Katika ukanda huu wa magharibi, Tabora, Shinyanga, Mwanza na jirani zake, vikongwe wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na macho mekundu yamehesabiwa kuwa ushahidi. Mwanamke anapikia familia nzima miaka hamsini, moshi unamharibu macho, kisha macho hayohayo yanamshitaki. Sheria ya Uchawi tunayo tangu 1928. Bomba la kutolea moshi jikoni hatuna.

Safari hii nilimkuta bibi amejitanda kanga mpaka kwenye nyusi, na jua linawaka.

“Bibi, mbona umejifunika hivyo?”

“Watoto wa siku hizi wananitazama sana, mjukuu wangu.”

Alisema akipepeta mchele, wala hakuinua uso.

Msiniambie huo ni umri. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60, lakini mifuko ya pensheni huku bara imejengwa kwa ajili ya wenye ajira, na bibi hakuwahi kuwa na mwajiri, alikuwa na shamba tu. Zanzibar walianza Aprili 2016 kumpa kila mzee wa miaka 70 na kuendelea shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kumuuliza alichangia mfuko gani. Ni hela ndogo, najua. Lakini kwa mama mzee ni nauli ya kwenda kupimwa macho bila kumpigia mtu magoti, na ni mkaa wa siku ambazo hataki kuinama kupuliza kuni.

Mwenzangu namkaribisha Kigwa. Aje msimu wa kukausha tumbaku, si Desemba ya sikukuu, na nauli ya kutoka Tabora mjini nitalipa mimi. Usiku tutakesha wote banini. Asubuhi atamwamkia bibi shikamoo, na amtazame machoni.