Haki za Matangazo ya Kandanda: Nani Hasa Anayebahatisha?

Wapo wapenzi wa kandanda hapa Rusizi wanaodhani kwamba kampuni ya televisheni ikishanunua haki za kuonyesha ligi, basi klabu zimekwisha kupata fedha. Dhana hiyo ni ya hatari. Kampuni hiyo imebahatisha tu, ikikisia kwamba miaka ijayo watapatikana watu wa kutosha kulipia matangazo yake. Ikikosea, hasara haibaki kwake peke yake.

Nchini Uingereza, ITV Digital iliahidi klabu za madaraja ya chini pauni milioni 315 kwa miaka 3. Ilipoanguka mwaka 2002, mahakama ilikataa kuwabebesha deni hilo wenye kampuni, Carlton na Granada, kwa kuwa hapakuwa na dhamana waliyoitia sahihi. Klabu zilizokuwa zimeajiri wachezaji kwa fedha za ahadi zikaingia taabuni. Hapa Afrika, GTV ilinunua haki za Ligi Kuu ya Uingereza mwaka 2007, na Januari 2009 ikafunga milango. Kenya nayo iliachwa na SuperSport mwaka 2017, katika ugomvi wa kuongeza timu za ligi kutoka 16 hadi 18.

Nasi yametufika. Mwaka 2015 Azam iliingia mkataba wa miaka 5 na ligi yetu. Mwaka 2019 ikajitoa kabla ya muda kwisha. Leo wengi wanautaja kwa wivu mkataba wa Azam na TFF wa mwaka 2021, shilingi za Tanzania bilioni 225.6 kwa miaka 10. Ni fedha nyingi, lakini miaka 10 ni muda mrefu mno kwa mtu anayekisia.

Hapa yafaa askari wenzangu, na ndugu zetu wa polisi, tuseme kweli. APR ni timu ya jeshi, na Police FC ni ya polisi. Mdhamini wa televisheni akiondoka, timu hizo zina mahali pa kuegemea. Espoir, timu ya Rusizi, haina ukuta wa namna hiyo, wala klabu nyingi za raia hazina. Kwao mshahara wa mchezaji ndio unaotangulia kukosekana. Kamanda gani hupanga mapigano kwa risasi ambazo bado ziko njiani? Lakini viongozi wa klabu hutakiwa kufanya hivyo kila msimu.

Kwa hiyo naona mkataba wowote ujao uwe na dhamana ya benki, na fedha za msimu mzima ziwekwe kabla ya mechi ya kwanza. Tena mgawo wa klabu za raia uwe mkubwa kuliko wa zetu. Najua wapo kambini watakaonuna. Hao nawakumbusha kwamba APR ilipokuja uwanja wa Kamarampaka kupambana na Espoir, watazamaji hawakuja kuitazama timu moja ikikimbia peke yake.