Ugonjwa Mmoja, Ofisi Mbili

Ngamia ni tegemeo la maisha katika Kenya ya kaskazini. Sensa ya 2009 ilihesabu ngamia wapatao milioni 3 nchini. Ile ya 2019 ikahesabu milioni 4.6. Ukame umewaua ng'ombe mara kwa mara, na wengi miongoni mwa Wasamburu na Waborana waliokuwa wakitegemea ng'ombe wamegeukia mnyama anayeendelea kutoa maziwa hata malisho yanapokauka. Kadiri ngamia wanavyoongezeka, ndivyo wanavyoongezeka wanywaji wa maziwa yake, kuanzia maboma ya Marsabit na Wajir hadi mtaa wa Eastleigh, Nairobi.

Lakini pamoja na neema hiyo upo ugonjwa wa bruselosisi, ambao wafugaji wengi huujua kama ugonjwa wa kutupa mimba. Ngamia huupata kutoka kwa ng'ombe, mbuzi na kondoo wanaochungwa na kunyweshwa pamoja naye. Mara nyingi haonyeshi dalili yoyote mpaka mimba inapoharibika. Hasara hiyo si ndogo. Ngamia hubeba mimba kwa muda wa miezi 13 hivi. Nirigi mmoja akipotea, maziwa ya msimu mzima hupotea pamoja naye.

Binadamu huambukizwa kwa kunywa maziwa mabichi, au kwa kumzalisha mnyama na kushika kondo la nyuma kwa mikono mitupu. Hupatwa na homa inayokuja na kuondoka, jasho jingi usiku, maumivu ya mgongo na viungo, na uchovu usiokwisha. Kwa kuwa dalili hizo zafanana na za malaria na homa ya matumbo, mgonjwa aweza kutibiwa maradhi asiyokuwa nayo kwa miezi mingi. Tiba halisi ni dawa mbili kwa pamoja, na moja yake humezwa kwa muda wa wiki sita. Kwa mchungaji anayehama kufuata mvua, wiki sita ni safari ndefu, na dawa ikikatizwa homa hurudi.

Ni rahisi kwa mtumishi aliyeketi ofisini kutoa amri kwamba maziwa mabichi yasinywewe. Historia inalo funzo juu ya amri kama hiyo. Mwaka 1887 David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza, aligundua kijidudu cha ugonjwa huu kisiwani Malta. Mwaka 1905 Themistocles Zammit, daktari mzalendo wa kisiwa hicho, akabaini kwamba kilitoka katika maziwa ya mbuzi. Mwaka 1906 wanajeshi walikatazwa maziwa hayo, na homa ikapungua upesi kambini. Raia wa Malta, walioendelea kuyategemea, waliendelea kuugua kwa miaka mingi. Amri ilimwokoa yule aliyekuwa na chakula kingine.

Mchungaji aliye fora, katika kambi ya mbali na nyumbani, hana chakula kingine. Kuni ni haba, sufuria ni mzigo, na wazee wengi huamini kwamba maziwa yaliyochemshwa hupoteza nguvu. Yapasa aelezwe kwa heshima na kwa lugha yake. Moshi wa kufukizia vibuyu husaidia maziwa yasiharibike upesi, lakini si kinga ya kutegemewa dhidi ya kijidudu hiki. Moto ndio kinga. Na ikiwa kuni hazitoshi kwa wote, basi maziwa ya watoto na ya wanawake wajawazito yachemshwe kwanza.

Mwaka 2015 Serikali iliuweka ugonjwa huu miongoni mwa magonjwa matano ya kupewa kipaumbele kati ya yale yanayoambukizwa binadamu na wanyama. Uamuzi huo ulikuwa wa busara, lakini hautamfikia mfugaji ikiwa tabibu wa zahanati na daktari wa mifugo hawasemezani. Wote wawili ni watumishi wa kaunti moja. Tabibu akimwona mgonjwa, yampasa amwarifu mwenzake ili kundi lile likaguliwe. Na daktari wa mifugo akisikia ngamia wametupa mimba, amwarifu tabibu ili familia ile ipimwe. Zahanati nazo zipewe vipimo vya kuaminika, maana kile cha haraka kilichoenea katika nyingi ya hizo kimethibitika kuwatangaza wagonjwa watu wasio na ugonjwa. Chanjo ya ng'ombe, mbuzi na kondoo ipo. Kuwachanja hao ni kumkinga ngamia pia.

Mwalimu naye asijione kuwa nje ya kazi hii. Mtoto aliyejifunza darasani kwa nini maziwa huchemshwa na kwa nini kondo huzikwa hulipeleka somo hilo mahali ambapo gari la Serikali halifiki. Kidole kimoja hakivunji chawa.